Mbaazi za Mzimu wa Kiandurumo

Riruta, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Baba na kila aliye hapo bomani. Goti lako linasemaje na baridi hii ya Julai? Na yule ng'ombe mwenye kiburi, anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe, bado anamfukuza Baba na ndoo yake? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kile kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimepona kwa tangawizi yako. Kama barua hii imekukuta ukisuka kiondo, tafadhali kiweke chini kwanza, maana ni ndefu na ina maneno ya kukufanya ukosee uzi.

Utauliza kwa nini nakuandikia ilhali simu ipo. Ni kwa sababu barua haikatwi. Kila ninapotaja Kiandurumo kwenye simu, unakata, nami nabaki nikiongea na ukuta wa nyumba yangu hapa Riruta. Karatasi hii nimempa mwanao Mbaluka aje nayo mkononi, na nimemwambia kwamba akiifungua nitamweleza Baba ni nani aliyevunja redio. Kwa hiyo umeketi, mimi naongea, na safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze pale mambo yalipoanzia. Unajua kazi yangu ya Kenyatta Market. Tunamzunguka mteja mmoja, wasusi watatu au wanne, kila mtu na upande wake wa kichwa, na kabla nyama aliyoagiza haijaiva yeye ameshakuwa na rasta hadi mgongoni, zikinuka moshi wa nyama choma. Ni kazi nzuri lakini kiti si changu. Mwenye kiti ni Selpher, na Selpher ana moyo mwema na mdomo mbaya. Akija mteja mgeni humwambia kwa kicheko akusanye nywele zake zote zinazodondoka, eti huyu Stellah ni Mkamba, asije akazipeleka Kitui kwa mganga. Watu hucheka. Nami nilikuwa nikicheka nao, hadi siku moja nikaona mama mmoja anazikusanya kweli, unywele mmoja mmoja, anazitia mfukoni. Siku hiyo niliamua kwamba nitakuwa na saluni yangu mwenyewe kabla sijazeeka nikicheka mzaha wa watu.

Basi kuna mteja wangu anaitwa Waithera, anafanya kazi katika ofisi fulani mjini na anaishi Loresho. Nilikuwa nikimsuka upande wa kushoto akaanza kulalamika juu ya jengo la mama yake, lililoko Kiandurumo, mji mdogo ng'ambo ya Dagoretti, ukishapita Thogoto na kushuka kuelekea mtoni. Alisema lina chumba kizuri sana cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, lakini hakuna mpangaji anayekaa. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Stellah, hiyo nyumba watu husema iko na pepo. Si hiyo nyumba tu, ni hiyo mji yote. Hata kuna vijana walikuja kutoka town kushoot video hapo."

Alinieleza kwamba zamani palikuwa na mwanamke msusi aliyefia katika chumba hicho, na kwamba kila mwaka huonekana mchana kweupe, amesimama ng'ambo ya barabara, kitambaa cha kijani kichwani, anautazama mlango wake. Hasemi na mtu. Akiondoka huacha chakula mlangoni, mbaazi mbichi, na hakuna anayethubutu kuzigusa. Wasusi wawili watatu walijaribu kufungua saluni pale, na wote walihama mara tu walipohadithiwa. Ndiyo sababu wanawake wa Kiandurumo huja kusukwa mbali huko kwetu sokoni. Selpher na wenzangu waliacha mikono hewani. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba kuna mji mzima usio na msusi.

Ndipo nikakupigia simu, Mwaitu. Nilikuwa na furaha, nikitaka baraka zako. Uliniambia kwamba mji ule unakula watu. Uliniambia kwamba lisemwalo lipo, na kwamba nikikanyaga Kiandurumo nisikuite mama tena. Hujawahi kuniambia neno kama hilo, hata nilipoacha chuo. Nililia, sikufichi. Kisha nikajiuliza swali ambalo ulipaswa kujua nitajiuliza. Mimi nilikuwa sijakuambia lolote kuhusu mzimu. Nilikuwa nimekutajia jina la mji tu.

Nikaenda. Najua utasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nakujulisha kwamba miguu yangu yote ni mizima.

Ni mji mdogo kweli. Barabara moja ya udongo mwekundu, maduka pande zote mbili, bucha, hoteli ya chai, kanisa la mabati juu kidogo, na mashamba ya majani ya ng'ombe yakishuka hadi mtoni. Niliposhuka jua lilikuwa utosini. Mtu wa bucha, anaitwa Njuguna, alikuwa akikata mbavu. Akaniona, akaweka kisu chini, akafunga kile kidirisha chake cha kioo na kwenda nyuma. Mama aliyekuwa akiuza viazi alifunika beseni lake na kuondoka, akiviacha viazi barabarani. Nilijiangalia. Nilidhani nguo imepasuka. Niliingia hotelini nikaagiza chai, na yule msichana aliiweka mwisho wa meza, halafu akaisukuma kwa ufagio mpaka ikanifikia.

Nilikasirika, Mwaitu. Ungenijua wapi kama si kwa hasira yangu? Nilijisemea kwamba hata hapa wamesikia mzaha wa Selpher, kwamba wanamwona Mkamba wanaona uchawi. Basi nikainywa chai ile yote, polepole, nikaagiza na mandazi nisiyoyataka, nikakaa dirishani ili kila anayepita anione vizuri. Hatimaye mzee mmoja alisimama mlangoni bila kuingia, akauliza, "Madam, unatafuta nani hapa?" Nikamwambia namtafuta Mama Hannah, mwenye jengo, na kama kuna mtu mwenye neno aniambie mbele ya uso wangu.

Mama Hannah ndiye mama yake Waithera. Ni mkongwe, anatembea kwa mkongojo, na ana macho ya mtu asiyedanganyika. Alikuja mwenyewe hadi hotelini, akanikamata kifundo cha mkono na kukishika kwa muda kama nesi, watu wote wakichungulia. Kisha akageuka akawaambia kwa sauti kubwa, "Mkono yake iko joto. Huyu si yeye. Rudini kazi." Akanitazama tena, akasema nimefanana na mtu, akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyekuwa akiitwa Kaindi.

Nilimjibu kama ulivyotufundisha. Nilisema nilikuwa na mama mdogo wa jina hilo, ndugu yako wa kukufuata, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani nikiwa bado mgongoni mwako, na hakurudi wala hakuandika. Mama Hannah aliuachia mkono wangu. Kisha akaniambia kwamba Kaindi hakufika Uarabuni. Kaindi alifika Kiandurumo.

Alinipeleka katika kile chumba chenye dirisha kubwa na huko akanihadithia yote, nami nakurudishia ingawa najua unayajua. Kwamba Mama Mdogo alikuja kukaa na kijana wa pale, Thuo, fundi wa baiskeli, na Babu Ngui akakataa kwa sababu Thuo hakuwa mtu wetu na hakuwa ameleta hata mbuzi mmoja wa kumtambulisha. Kwamba alisuka wanawake katika chumba hicho akiimba nyimbo za kwetu, na wakampenda. Kwamba alinyeshewa msimu wa mvua, kifua kikamshika, ikawa nimonia, na kabla watu hawajaelewa kwamba ni jambo zito akafa. Ni hilo tu. Hakuna aliyemroga wala aliyerogwa naye. Kifua, kama hiki changu cha juzi.

Kilichofuata ndicho kilichozaa mzimu. Ndugu za Thuo walisema mwanamke ambaye mahari yake haijalipwa si wa kwao, hazikwi kwenye ardhi yao. Thuo akasafiri hadi kwetu kumwomba Babu aje amchukue mtoto wake. Babu alimjibu kutoka ndani, mlango umefungwa, kwamba aliyetoka nyumbani kwake bila ruhusa hana kaburi nyumbani kwake, na kwamba mtoto wake yeyote atakayekwenda kusimama mlangoni kwa Kaindi naye ahesabike amekufa. Mtu aliyekosa pa kuzikwa, Mwaitu, watu watamwona kila mahali. Wanawake aliokuwa amewasuka wiki ile walifumua nywele zao siku hiyohiyo na kuzichoma. Thuo alihamia Molo. Mama Hannah, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote katika habari hii, alimzika Mama Mdogo pembeni mwa shamba lake, karibu na majani ya ng'ombe, yeye na mchungaji na mchimba kaburi.

Nimelia hapo kaburini hadi nikaishiwa. Halafu nikakukasirikia. Nilikukasirikia njia nzima ya kurudi Riruta, na nilikukasirikia wiki nzima mikono ikiwa kwenye vichwa vya watu. Nilijiambia kwamba mama yangu alimwacha ndugu yake azikwe na wageni, akatudanganya kwa habari za Uarabuni, na sasa ananitisha kwa mizimu ili uwongo wake usifukuliwe. Kwa hasira hiyo nilimpigia Mama Hannah simu nikamwambia chumba nakichukua. Nilikwenda mjini, River Road, nikanunua kioo kirefu na mashine ya kukaushia nywele, nikabishana na mwenye duka mpaka akaniongezea vitana bure. Selpher aliniambia nitarudi nikilia. Nilimwambia akitunze kiti, mtu mwingine atakihitaji.

Nilikuwa pia nimeshaandika barua nyingine, Mwaitu. Ilikuwa fupi na mbaya. Ilikuwa inasema kwamba umepata ulichotaka, sitakuita mama. Nashukuru sikuituma.

Maana Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikwenda kusugua sakafu ya chumba, na nilipomaliza Mama Hannah akaniita jikoni kwake nile. Alikuwa ametengeneza mukimo. Nikanawa mikono, nikainua macho nitafute taulo, na hapo ukutani, juu ya meko, nikaviona viondo. Vingi, vimetundikwa kwa misumari kuanzia mlangoni hadi dirishani, vingine vimekuwa vyeusi kwa moshi. Kimoja kina vitunguu. Kimoja kina vijiko. Kingine ni kipya kabisa.

Nilimuuliza vimetoka wapi. Akacheka, akasema hivyo ndivyo vyombo vya mzimu. Kila mwaka mbaazi huletwa ndani ya kiondo, na kwa kuwa mji mzima huogopa kuzigusa, yeye huzichukua, huzipika na kula, na alisema kwa chakula cha mzimu zilikuwa tamu ajabu. Viondo alivihifadhi mpaka mwenyewe aje avidai. Aliwaambia watu tangu mwanzo kwamba yule ni mtu, kwamba mzimu hauchumi mbaazi, lakini wakamwona mzee anayeota. Mwaka mmoja alijaribu kumwita yule mwanamke. Mwanamke alifunika uso kwa kitambaa akaenda mbio, na miguu ya Mama Hannah haikuweza kumfuata.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukitungua kile kipya na kukigeuza kwenye mwanga. Mwaitu, wewe ni mashoto. Wanawake wote wa kwetu wakisuka, uzi unalalia kulia. Viondo vyako hulalia kushoto. Yule mnunuzi wa pale stendi alikuwa akikulalamikia kila mara kwamba vyako havipangiki na vya wenzako, nawe ukimjibu kwamba mkono uliopewa na Mungu hautamwomba ruhusa yeye. Nimekua nikilala juu ya viondo hivyo. Ningevitambua gizani kwa kidole. Na pale ukutani kwa Mama Hannah vyote, vyote kabisa, vililalia kushoto.

Niliketi sakafuni. Mukimo ulipoa. Nikakumbuka kongamano la akina mama wa kanisa, lile linalokuleta Nairobi kila mwaka mbaazi zikikomaa. Unakuja kwangu Riruta, asubuhi unavaa kitambaa chako cha kijani, unaniambia nisikusindikize. Jioni unarudi hutaki chai, unasema mahubiri yalikuwa mazito. Nami huchukua viatu vyako na kuvisugua nje kwenye karai, nikishangaa ni uwanja gani wa kanisa wenye udongo mwekundu namna ile.

Basi usiniambie tena kwamba mji huu una mzimu. Mzimu wa Kiandurumo ni wewe. Video wanazosambaziana vijana, zile za kivuli ng'ambo ya barabara, ni mama yangu amesimama juani na goti bovu, ameleta chakula ambacho ndugu yake alikipenda. Miaka yote hii wapangaji wanahama na milango inafungwa kwa sababu wewe na Mama Mdogo mlikuwa mnafanana, na kwa sababu hukuweza kuvuka barabara. Babu alikwisha kufa, Mwaitu. Tulimzika sisi wenyewe. Lakini ulitii agizo lake kwa mdomo na ukalivunja kwa miguu, kila mwaka, peke yako, bila kumwambia mtu. Nami nilikuwa nikijiuliza huu ukaidi niliutoa wapi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sikukasirikii tena. Bado nina uchungu, hilo nitakuambia wazi. Nina uchungu kwamba ulibeba jambo hili ukinipita mimi, ulale kwenye kitanda changu, uamke, uende kulia, urudi, uniambie juu ya mahubiri. Tungeweza kwenda pamoja. Ningekubebea kiondo.

Sasa nisikilize. Saluni nimeifungua. Juu ya mlango nimeandika jina lake, KAINDI, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zinazosomeka hata kutoka kanisani. Mchungaji aliniuliza kwa upole kama siogopi kuwatia watu hofu. Nilimwambia kwamba waliolificha jina hilo ndio waliotia hofu, mimi nalianika. Siku ya kwanza Mama Hannah alikuja akaketi dirishani, akafungua kitambaa chake, akaniambia nimsuke mvi zake taratibu ili kila mtu apite aone. Njuguna alipita mara kadhaa akijifanya anatafuta mbwa. Kesho yake mkewe akaja. Wanakuja, si wengi bado, na wengine hukusanya nywele zao zinazodondoka na kuondoka nazo kwenye karatasi. Waache. Nimewawekea karatasi karibu na kiti.

Pale kaburini nimepanda ua na kuweka ubao wenye jina lake na la kwetu. Kama kuna mtu wa ukoo mwenye neno juu ya hilo, mwambie aje, hapo hapo juani, nitamwagizia chai.

Nimalizie hapa kwa sababu karatasi nayo ina mwisho. Nisalimie Baba, na nakuachia wewe uamue kama utamsomea. Nisalimie Mama Nzau jirani na kwaya yote, na yule ng'ombe umwambie nampenda kwa kiburi chake. Mama Hannah anakusalimu sana. Anauliza mbaazi za mwaka huu zinaendeleaje, na anasema jiko lake bado lina ukuta mmoja mtupu.

Najua uliniambia nisikuite mama nikikanyaga hapa. Nimekanyaga, nimesugua sakafu, na bado nakuita. Njoo zikikomaa, na kile kitambaa chako cha kijani. Mlango uko wazi tangu asubuhi na kiti chako nimekiweka dirishani. Safari hii, Mwaitu, vuka barabara.

Ni mimi binti yako mkaidi,

Stellah Nzula